Kuifufua nyumba ya babu kando ya ziwa bila kuiua

Nyumba ya babu yetu iko Kendu Bay, mwendo mfupi kutoka ukingo wa Ziwa Victoria. Duka liko mbele, makao nyuma, ua katikati, na baraza ya mawe inaangalia barabara. Kuta ni za mawe na chokaa, paa ni mabati mazito, milango ni mvule, na sakafu ni ile nyekundu iliyong'arishwa kwa miguu ya watu miaka na miaka. Nyumba za namna hii ziliota kando ya ghuba baada ya reli kufika Kisumu Desemba 1901. Mabati, misumari na vioo vilipakuliwa kutoka mabehewa vikapakiwa katika vyombo vya majini hadi vituo vya biashara kama Asembo na Homa Bay. Zimebaki chache. Baadhi zimebomolewa, lakini nyingi zaidi zimeuliwa na matengenezo.

Nasema zimeuliwa na namaanisha hivyo. Mtu anarudi kutoka Nairobi na pesa na nia njema, anapaka simiti ukutani, anaweka rangi ya plastiki, anabandika vigae sakafuni na kuziba matundu yote ya hewa. Miaka mitatu baadaye ukuta unalia maji, plasta inavimba, miguu ya fremu inaoza, na watu wanasema nyumba imezeeka. Haikuzeeka. Imenyimwa pumzi.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba kama hiyo Kendu, Kisumu, Usenge au popote kwenye mwambao wa Nam Lolwe, kama Wajaluo wanavyoliita ziwa hili. Sisi ilituchukua miaka mitatu. Kama una haraka kuliko hapo, tengeneza paa pekee na uache mengine yasubiri.

Kwanza, nyumba ni ya nani?

Kabla ya mfuko mmoja wa chokaa kununuliwa, kaeni kikao cha ukoo. Hati za nyumba nyingi za namna hii bado zina jina la marehemu. Anza na barua ya chifu inayotaja warithi wote, kisha nenda mahakamani. Familia yetu ilipitia kwa Kadhi, wengine hupitia mahakama ya kawaida. Waiteni shangazi pia, walioolewa mbali na walio karibu. Nimeona kazi ya nyumba ikisimamishwa mapau yakiwa wazi na mvua ikinyesha ndani kwa sababu dada mmoja wa marehemu hakuulizwa, na alikuwa na haki ya kuulizwa.

Hapo hapo kikaoni, washa kinasa sauti cha simu yako na uwaache wazee waseme. Chumba kipi kilijengwa kwanza? Maji yalifika wapi mvua za miaka ya Uhuru, ziwa lilipopanda zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964? Nani aliziba mlango wa upande wa kaskazini na kwa nini? Shangazi yangu mkubwa alituonyesha kwa fimbo mahali penye kisima kilichofukiwa. Tulikuwa tumepanga kuchimba choo papo hapo.

Baada ya hapo nenda ofisi ya mipango ya kaunti. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali kabla ya ujenzi na mabadiliko makubwa. Uliza pia kama jengo lako limetangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, kwani likiwa limetangazwa huruhusiwi kugusa kitu bila idhini ya Makavazi ya Kitaifa. Kwa kuwa uko ufuoni, waulize NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kuhusu ukanda wa ziwa kabla ya kujenga hata ukuta wa ua upande wa maji.

Pili, tazama mwaka mzima

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu, nami nusura niiruke. Nyumba ya mawe kwenye udongo mweusi wa pamba husogea. Udongo ule hunywa maji msimu wa mvua ukavimba, kisha kiangazi husinyaa na kupasuka. Ufa unaouona ukutani Januari unaweza kujifunga wenyewe Mei. Ukiujaza simiti ukiwa wazi, udongo ukivimba ukuta hukosa pa kurudi, nao utapasuka mahali pengine.

Chukua kipande chembamba cha kioo, kibandike kwa gundi ngumu juu ya ufa, uandike tarehe kwa penseli kando yake. Kioo kikivunjika, ukuta unatembea. Kikibaki kizima kutoka masika hadi masika, ufa huo ni kovu la zamani na unaweza kuuziba kwa amani. Tulibandika vioo kumi na kimoja. Viwili tu vilivunjika, vyote kona ya kusini magharibi, na sababu yake ilikuwa gata iliyokatika ikimwaga maji yote ya paa kwenye msingi wa kona ile. Mhandisi mmoja alikuwa ametushauri tubomoe kona nzima na kuijenga upya kwa nguzo za zege. Tulinunua gata.

Katika mwaka huo piga picha kila ukuta, kila mlango, kila bawaba. Simama ndani wakati wa dhoruba. Mwambao huu upepo hutoka ziwani mchana na kurudi ziwani usiku, na mvua kali hupenda kuja jioni na radi zake. Utajua dirisha lipi linaingiza maji na lipi linaleta baridi nzuri ya kulalia. Waliojenga walijua. Matundu yale chini ya paa ambayo watu huyaona kama kazi isiyomalizika ndiyo yanayotoa joto la mabati nje. Weka wavu wa mbu, usiyazibe.

Tatu, maji kabla ya urembo

Pesa ya kwanza yote iende kwenye paa, gata na mitaro. Hata kama ukuta wa sebule unakuaibisha mbele ya wageni, uache.

Mabati ya zamani mara nyingi ni mazito kuliko ya geji 30 unayouziwa leo, kwa hiyo usiyang'oe yote kwa sababu yana kutu. Panda na fundi mwepesi, piga kila bati kwa mpini wa nyundo. Lililo zima hulia, lililooza hububujika vumbi. Yetu yaliyohitaji kubadilishwa hayakufika theluthi. Bati jipya liwe la mawimbi yaleyale, maana ukichanganya na lile la umbo la vigae halitalala sawa na maji yatapita kwenye maungio. Kama paa au sehemu yake ni asbesto, usiikate, usiitoboe na usiivunje. Vumbi lake huua mapafu polepole, na kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA.

Halafu shuka chini. Kwa miaka mingi udongo hujikusanya kando ya nyumba: taka za kufagia, changarawe, mashimo ya maua. Kwetu ardhi ya nje ilikuwa imepanda juu ya sakafu ya ndani kwa upana wa kiganja, na ukuta ulikuwa unanyonya maji kama utambi. Tulichimba hadi nje ikawa chini ya sakafu kwa kama sentimita 20, tukaipa mteremko wa kuondoa maji. Usichimbe mtaro mrefu wote kwa siku moja ukuta ukiwa uchi, wala usishuke chini ya kitako cha msingi. Nyumba hizi mara nyingi hazina msingi wa kina. Chimba mita mbili, maliza, ufuate mbili nyingine.

Ukisha kufanya hivyo, ngoja. Ukuta mnene wa mawe hukauka kwa miezi. Chumvi nyeupe itachanua juu yake kama unga, na hiyo ni dalili njema, kwa kuwa maji yanatoka na kuiacha. Ifagie kwa brashi kavu, wala usiioshe, kwani ukiiosha unairudisha ndani.

Na ziwa lenyewe? Mwaka 2020 lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na watu wa ufuoni walihama na magodoro kichwani. Weka alama ya maji ya mwaka ule ukutani. Soketi zote za umeme, friji na makaratasi ya ukoo yakae juu ya alama hiyo.

Nne, chokaa

Hapa ndipo nyumba huishi au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Simiti ni ngumu na haipitishi unyevu vizuri. Chokaa ni laini kidogo, hunywa unyevu na kuutoa. Ukuta wa zamani umejengwa kwa mota ya chokaa, yaani mchanganyiko wa kuungia mawe, nao hupokea maji kutoka ardhini na hewani kila siku na kuyatoa kupitia uso wake. Upake simiti usoni, maji yatakosa mlango. Yatapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, yatakaa nyuma ya plasta, yatafika kwenye vichwa vya boriti vilivyolala ndani ya ukuta na kuviozesha mahali usipoona. Tena ukuta ukijongea kidogo, chokaa hukubali, simiti hukatika vipande.

Jua kwanza una nini. Chokonoa kiungo kwa msumari. Mota ya chokaa ni nyeupe au ya maziwa, ina chembe nyeupe ndogondogo, na huchuruzika kama sukari guru kavu. Simiti ni ya kijivu na msumari unateleza juu yake. Palipo na simiti ya juzi, itoe kwa patasi na nyundo ndogo, taratibu. Kama inang'oka na uso wa jiwe, iache hapo ilipo, jiwe ni la thamani kuliko usafi.

Mawe ya chokaa yako karibu nasi, Koru, barabara ya Muhoroni. Lakini angalia sana unachonunua. Chokaa ya shamba, ile ya kupunguza asidi ya udongo, mara nyingi ni jiwe lililosagwa tu bila kuchomwa, na haitashika ukuta hata ukiiombea. Unataka chokaa iliyochomwa na kuzimwa, ya ujenzi. Ukiuziwa isiyozimwa, ujue huchemka ikigusana na maji. Mwaga chokaa kidogo kidogo kwenye maji mengi, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, na vaa miwani ya kazi na glavu. Jicho likiguswa na chokaa, lioshe kwa maji mengi mara moja na uende hospitali. Watoto wasiwe uani siku hiyo.

Iliyozimwa ya mfukoni iloweke kwenye pipa iwe uji mzito, juu yake maji ya kina cha vidole viwili. Siku moja inatosha kwa shida, wiki tatu ni bora zaidi. Inanona kama samli. Kisha debe moja la chokaa kwa madebe matatu ya mchanga wa mto, wenye punje kubwa na ndogo, uliooshwa. Bahati yetu ziwa ni la maji baridi. Wenzetu wa Lamu na Mombasa wanapambana na chumvi ya bahari ndani ya mchanga, hewani na ukutani, wakati sisi tunapambana na matope. Tia mchanga kwenye chupa ya maji, utikise, uache utulie. Safu nene ya tope ikikaa juu, tafuta mchanga mwingine.

Sehemu za chini zinazopigwa na mvua, changanya unga wa matofali ya kuchoma yaliyopondwa. Waashi wa Kihindi waliujua ujanja huu tangu kwao na waliuita *surkhi*. Unafanya chokaa ishike hata penye unyevu. Tulipobandua plasta ya veranda tuliukuta, mwekundu, bado imara. Nilifurahi siku hiyo kama mtu aliyepata barua ya babu yake.

Lowesha ukuta kwanza. Paka unene usiozidi sentimita moja, ngoja wiki au zaidi, kisha paka wa pili. Chokaa haikauki tu, hujigeuza tena kuwa jiwe kwa kuvuta kaboni dioksaidi kutoka hewani, na kazi hiyo inahitaji unyevu. Ning'iniza magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, yarushie maji asubuhi na jioni, hasa upepo wa ziwa unapovuma. Ikipigwa na jua siku ya kwanza itapasuka kama uso wa bwawa lililokauka.

Sasa kuhusu mafundi. Mafundi waashi wengi waliojifunza kazi miaka ya karibuni hawajawahi kushika chokaa, na hilo si kosa lao. Tafuta mzee aliyewahi kuishika, mlipe vizuri awafundishe vijana, na kabla ya kumpa mtu ukuta mpe mita moja ya mraba kwanza. Halafu uwepo kazini. Mimi niliondoka siku nne kwenda mazishini. Niliporudi, chumba cha shangazi kilikuwa kimepakwa plasta, laini, ya kupendeza, ya kijivu. Fundi aliona chokaa inachelewa, akaongeza simiti "kidogo tu ishike." Sikuwa na moyo wa kuibandua. Masika ya mwaka uliofuata ilivimba kama mgongo wa kobe, tukaibandua yote, na mawe mawili yakatoka nayo. Ningekuwa mimi wa leo, ningeibandua jioni ileile ikiwa mbichi.

Tano, mbao

Mvule hauozi kirahisi, lakini mguu wa nguzo uliosimama matopeni huoza. Usitupe nguzo nzima kwa sababu ya sentimita 30 za chini. Seremala mzuri hukata mshazari mahali palipo pazima, akaunga kipande kipya cha mbao ileile kwa vigingi na gundi, na chini akaweka jiwe ili mbao isiguse udongo. Milango ivue ukiwa umeiandika namba kwa chaki, kila bawaba na skrubu zake kwenye mkebe wake. Mlango uliokaa katika fremu yake miaka themanini haukubali fremu nyingine.

Usikwangue rangi ya zamani kwa msasa mkavu. Rangi za enzi zile mara nyingi zilikuwa na risasi, na vumbi lake hudhuru watoto hata likiwa dogo. Lowesha, kwangua polepole, kusanya maganda yote kwenye karatasi na ufunge. Mlango ukiwa uchi, upe mafuta ya kitani yaliyopashwa moto kidogo, mkono (tabaka) mwembamba mara tatu.

Mchwa ni habari ya kufuatilia njia zao. Vunja kila kimfereji cha udongo ukutani, rudi baada ya wiki, uone upi umejengwa upya. Huo ndio wenye uhai, na ufuate hadi chanzo chake. Oili chafu ya gari wengi wanaipenda kwa mbao. Iache kwenye vigingi vya ua, isiingie chumba anacholala mtu.

Sita, sakafu, rangi, na vitu vya sasa

Sakafu nyekundu isafishe kwa sabuni ya mche na brashi laini, ziba nyufa, paka nta, sugua. Hakuna vigae vitakavyoishinda.

Ukutani paka maji ya chokaa, mepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, kila mmoja ukuta ukiwa umenyunyiziwa maji. Ukipaka utaona kama hukupaka kitu, kesho yake kumekucha kweupe. Nje usipake jioni. Vidudu vya ziwa, vile vinavyopaa kama moshi juu ya maji, hufuata ukuta mweupe na taa, na asubuhi utaukuta umekuwa wa kijivu.

Umeme ubadilishwe wote, na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Nyaya za zamani ziondoke bila huruma, hazina urithi ndani yake. Nyaya mpya na mabomba ya maji yapite juu ya ukuta ndani ya mifereji myembamba, yasichimbiwe ndani ya mawe. Choo, bafu na jiko la gesi tuliviweka katika chumba kipya uani, kilichosimama peke yake bila kushikana na nyumba. Siku mjukuu atakapotaka kukiondoa, nyumba ya babu haitapata jeraha. Na kwa radi za mwambao huu, weka fimbo ya radi yenye waya mzito hadi ardhini.

Mwisho, kalenda

Kazi kubwa za chokaa zianze Desemba katikati, mvua za vuli zikipungua, ziishe kabla ya Machi. Kila mwisho wa Februari panda ngazi, toa majani kwenye gata, kaza misumari ya mabati iliyolegea, mwaga ndoo ya maji juu na umtume mtoto atazame inatokea wapi chini. Kila mwaka wa pili, maji ya chokaa mkono mmoja nje. Pipa letu la chokaa liko chini ya mwembe, limefunikwa kwa bati la zamani, na halijawahi kukauka tangu tulijaze.